Mwaka Nilioacha Kupiga Magoti

Nianze na maumivu yenyewe, maana wewe unayesoma huenda umeshaambiwa na watu kumi kwamba huumwi. Unaumwa. Mimi, bibi wa wajukuu tisa, niliyeishia darasa la nne, nakuambia unaumwa.

Yangu yalianza mabegani, msimu wa kuchuma kahawa, mwaka wa pili tangu nimzike mume wangu. Nikadhani ni kazi. Kahawa unaichuma mikono iko juu na shingo imelala nyuma, na mimi si msichana. Kahawa ikaisha, ikaanikwa, ikaondoka, mabega yakabaki palepale. Halafu maumivu yakashuka kama mtu anayeteremka ngazi: mgongo, nyonga, magoti, nyayo. Kanga ikilala begani naona kama mtu ananibonyeza jipu. Naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Na kichwa nacho kikaingia ukungu. Siku moja nilikwenda stoo kuchukua chumvi nikarudi na jembe, nikasimama jikoni nalitazama nikijiuliza nalipika vipi.

Naishi Ijumbi, Muleba, kwenye kibanja cha mume wangu. Kwa asiyetoka kwetu, kibanja si shamba tu. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, kahawa iko chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na wenye nyumba waliokufa wamelala humohumo. Mume wangu yuko hatua ishirini kutoka jikoni kwangu. Niliingia pale nikiwa na miaka kumi na tisa, na sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu: kibanja changu kilikuwa kinapitiwa na watu wakisimama kukitazama.

Sasa sikiliza nilichokuwa nakiogopa, maana ndicho kilichoniponza. Kwetu mjane akishindwa kibanja, hakuna anayemfukuza. Wanamhurumia. Watoto wanakuja na gari, wanampeleka mjini akae sebuleni atazame televisheni, na wiki ya pili mtoto wa shemeji yuko kibanjani na panga. Hufukuzwi. Unahurumiwa mpaka unatoka.

Kwa hiyo nikaficha.

Nilikwenda zahanati peke yangu. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima damu, mkojo, sukari. Safi. Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge vya maumivu, nikavila mpaka tumbo likawaka moto, mabega yakacheka tu. Nikarudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu yule kijana wa kupima damu akaniambia kwa upole kabisa, "Bibi, huna kitu. Labda upweke." Nikamwambia upweke wangu hauna nyayo, kwa hiyo hauwezi kuumia nyayo. Akacheka. Mimi sikucheka.

Krismasi ya mwaka huo nikaenda kwa shemeji yangu Ishengoma. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Kibanja chake kinapakana na changu. Nyumba ilikuwa imetandikwa majani mapya chini, laini, yananukia. Nikaingia, nikapiga magoti kumsalimia kama mwanamke wa Kihaya anavyomsalimia mkubwa. Nilishuka vizuri. Kuinuka ndiko kulikokataa. Nyonga zilikufa ganzi, magoti yakawa kama yamepigiliwa misumari. Wageni wananitazama. Nikaanza kupanga majani. Nayalaza hivi, nayalaza vile, kama mtu aliyeudhika kwamba yametandikwa vibaya. Wanawake wakacheka, "Huyu Mama Aneti hata kwenye nyumba za watu anapanga!" Nikacheka nao, nikajivuta huku napanga majani mpaka ukutani, nikashika ukuta, nikasimama. Jasho lilikuwa linanitoka kama niliyebeba mkungu.

Siku ile nikaapa sitapiga magoti tena mbele ya mtu. Wala sikumweleza yeyote kwa nini.

Wiki mbili baadaye Ishengoma akaja kwangu na wazee wawili. Nikawasalimia nimesimama, nimeegemea mlango. Akayatazama magoti yangu kama mtu anavyotazama sahani isiyo na kitu.

"Shemeji, siku hizi tunasalimiana kama askari?"

"Nisamehe waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima, "mikono imejaa kazi."

"Sikuuliza mikono."

Wale wazee wakatazama pembeni. Ningeweza kusema pale pale, naumwa. Maneno mawili hayo. Lakini nilipiga hesabu yangu ya kijinga: afadhali nionekane nina kiburi kuliko nionekane nimekwisha. Kiburi hakikuondoi kibanjani. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ikaenda hivyo miezi mitatu. Kanisani namsalimia nimesimama, msibani nimesimama. Habari zikamfikia kila mtu kwamba mjane wa kaka yake Ishengoma ameota pembe kwa sababu binti yake ana gari Bukoba. Chini kibanjani, upande wa bondeni, migomba ikaanza kuanguka kwa kukosa miti ya kuegemezwa, kwa kuwa mikono yangu haikuweza tena kunyanyua mti. Na hilo nalo watu wakaliona.

Masika, binti yangu Aneti akaja kunitembelea na bintiye Kemi. Nikawapikia. Tulipokuwa tunakunywa chai, Aneti akaacha kunywa.

"Mama, mbona unashika kikombe kwa mikono miwili?"

"Ni cha moto."

"Kimepoa. Na juzi kwenye simu ulisema umelala mchana. Wewe? Mchana?"

Kesho yake nilikuwa Nshambya, Bukoba mjini, nyumbani kwake, na keshokutwa yake tulikuwa tumekaa hospitali tangu asubuhi kusubiri daktari.

Nitakwambia kitu kuhusu kusubiri. Ugonjwa huu na kukaa ni maadui. Ukikaa unaganda, ukisimama unachoka. Niliinuka, nikakaa, nikainuka, mpaka mama mmoja mnene mwenye baibui safi, aliyekuwa karibu yangu, akanivuta kanga.

"Dada, njoo huku ukutani uegemee. Viti hivi vimetengenezwa na mtu asiyekuwa na makalio."

Jina lake Bi Zuhura, wa Hamugembe. Akaniuliza naumwa nini, nikasema sijui, kila mahali. Akaniuliza: nguo zinakuuma? Zinaniuma. Usingizi haukushibishi? Haunishibishi. Unasahau? Nikamwambia habari ya chumvi na jembe. Akapiga paja lake, kisha akashika lile paja kwa maumivu, na sote wawili tukacheka mpaka nesi akatoka kututazama.

"Basi wewe ni mwenzangu," akasema. "Mimi nina mwaka wa tatu. Mume wangu alidhani simtaki. Kila akinigusa naruka. Ilibidi daktari amwambie yeye mwenyewe ndiyo akaelewa. Dada, wewe nani umemwambia?"

Nikaanza kukunja ncha ya kanga. Akaelewa.

"Huwezi kuficha na huku unategemea watu wakuonee huruma kwa kisichoonekana," akasema. "Chagua kimoja."

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa wajukuu zangu wakubwa. Alinibonyeza kwa kidole gumba shingoni, mabegani, viwiko, nyonga, ndani ya magoti. Kila mahali nikasema "mawe!", ndiyo "mama yangu!" ya Kihaya. Akasoma vipimo vyote, akaagiza vingine. Tuliporudi kuchukua majibu akaniambia, "Bibi, maumivu yako ni ya kweli. Hayatakuua, na hayajala mifupa yako. Yana jina." Akaliandika: faibromayalgia. Kemi alinisomea mara nne mpaka nikaweza kulisema bila kutema mate.

Nililia. Aneti akadhani nimeogopa. Sikuogopa. Nilikuwa nimebeba kitu karibu mwaka mzima peke yangu, na mtu amenitua kichwani na kukitaja.

Akaniambia kwamba dawa ya kuuondoa kabisa hakuna. Ipo ya kuishi nao. Akanipa kidonge kidogo cha jioni cha kunisaidia kulala usingizi wa kweli. Akasema nitembee kila siku, mwanzo dakika chache tu, nisikae kitandani na nisijiue na jembe. Nioge maji ya moto. Halafu, kwa sababu ya misuli yangu ya miguu kukaza, akasema tunaweza kujaribu vidonge vya magnesiamu. "Vinamsaidia huyu, havimsaidii yule," akasema. "Tutaona. Ila kwanza tuangalie majibu ya figo." Majibu yakawa mazuri. Akaandika karatasi: aina ipi, kiasi gani, akasema nikishapata kopo nimpigie Kemi anisomee.

Jioni ile Aneti akasema, "Mama, sasa basi. Unakaa hapa. Chumba cha Kemi ni chako."

Nikamwambia sawa. Ila nirudi Ijumbi nikachukue nguo. Nikarudi, na sikutoka tena. Aneti alinipigia simu siku tatu mfululizo ananigombeza.

Sasa kosa langu. Nalisema wazi ili usilirudie. Karatasi ya daktari niliiweka kwenye Biblia, sikuitoa. Sikutaka muuza dawa wa Muleba mjini aisome aanze kuuliza bibi unaumwa nini, maana ana mke, na mke ana mdomo. Nikaingia dukani kichwa juu nikasema, "Nipe magnesiamu." Akanipa. Alinipa kile ambacho kila mtu huku anakijua kwa jina hilo, vidonge vikubwa vyeupe vya kutafuna, vya kiungulia. Hana kosa, nilichotaja ndicho alichonipa. Na mimi nikawaza: kama kimoja kinasaidia, sita vitasaidia zaidi. Nikatafuna sita kwa siku, vinashika meno kama chokaa.

Jumapili nikaenda kanisani. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Tumbo likaunguruma, nikajikaza. Likaunguruma tena kama lori linapanda mlima. Nikatoka. Nilitoka mstari wa pili, mbele ya watu wote, na choo kiko nyuma ya nyumba ya mwinjilisti. Siku ile ndiyo nilijua kwamba miguu yangu bado inaweza kukimbia.

Niliharisha siku mbili, nikaishiwa nguvu kabisa. Kemi akaja, akakuta kopo mezani, akaligeuza.

"Bibi! Hii ni ya kiungulia! Karatasi ya daktari iko wapi?"

"Kwenye Biblia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni siri."

"Bibi, umeharisha mbele ya usharika mzima. Siri gani tena?"

Mtoto ana ulimi mkali. Ameutoa kwangu. Akampigia daktari, tukaambiwa niache vile vyeupe, ninywe maji ya chumvi na sukari, nipumzike. Baada ya hapo Kemi akaleta vile vilivyoandikwa, kutoka Bukoba, na nikavimeza kama ilivyoandikwa. Si zaidi.

Utataka kujua kama vilinisaidia. Nitakwambia ukweli, sina duka la dawa. Wiki ya tatu hivi, miguu ikaacha kunikaza alfajiri. Ile ya kuruka kitandani na kushika kigimbi cha mguu huku unatukana, ilipungua, ikawa mara moja moja. Nikalala vizuri kidogo. Ni magnesiamu, au kile kidonge cha jioni, au kutembea? Daktari mwenyewe anasema hawezi kuapa. Bi Zuhura tulipokutana tena kliniki akasema kwake haikufanya lolote, akaacha. Mabega yangu hayakuisha kuuma. Lakini mtu anayelala anaweza kubishana na maumivu. Asiyelala anapigwa tu.

Niseme na mengine yaliyonifaa. Kutembea: nilianza kwenda mpaka pale njia inapokuwa nyembamba na kurudi, sasa nafika kanisani na kurudi. Maji ya moto kabla ya kazi, si baada. Kufanya kazi robo saa na kukaa robo saa, hata kama mikono inatamani kuendelea; ukiendelea leo, kesho unalipa siku tatu. Siku za mvua ndogo mwili unakuwa mbaya zaidi. Sizilaumu, napanga kazi ya kukaa, kama kupeta maharage. Senene zilipoanguka mwaka jana sikukimbia kuzikamata. Nilikaa nikazinyofoa mabawa, na niliambiwa hakuna aliyezinyofoa kwa kasi kama mimi.

Nimebakiza siku ya kikao. Ilikuwa kiangazi, kahawa imeshaanikwa. Ishengoma aliita ukoo, kwangu, kwenye ua wangu. Alikuja na mwanawe Deo, mke wa Deo anayeitwa Asela, na wale wazee wawili. Akamwita na Aneti kutoka Bukoba. Nilijua ni nini.

Ishengoma hakuzunguka. "Migomba ya bondeni imelala chini. Mwenye kibanja hasalimii mtu. Mimi sitaki ugomvi na mke wa kaka yangu, lakini adabu ikiondoka, kazi nayo inaondoka. Nasema Deo achukue bondeni."

Nikamtazama Aneti anitetee. Aneti akasema, "Baba mdogo, mama hana kiburi. Mama ni mgonjwa. Ndiyo maana nimekuja na gari. Nampeleka Nshambya leo. Bondeni, juu, muangalie wenyewe mtakavyofanya."

Unaona nilipokuwa? Nikikataa kwamba naumwa, mimi ni mwanamke asiye na adabu, bondeni kunakwenda. Nikikubali kwamba naumwa, napakiwa kwenye gari, kibanja chote kinakwenda. Mmoja ananitoa kwa hasira, mwingine ananitoa kwa mapenzi. Mlango ni uleule.

Nikainuka kwenye kigoda. Nikaenda mpaka mbele ya Ishengoma. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamsalimia kwa Kihaya salamu nzima, bila kufupisha. Akaitikia, ameshtuka.

"Sasa," nikasema, "nitazameni ninavyoinuka. Asinishike mtu."

Aneti akaja mbio. Nikamwambia, "Kaa!" kwa sauti niliyokuwa namwambia akiwa na miaka sita. Akakaa.

Nikaweka mkono wa kulia chini. Nikangoja. Nikaweka wa kushoto. Nikavuta goti moja, likakataa, nikalirudisha, nikalivuta tena. Nilisikia kuku anaparua. Nilisikia pumzi ya Deo. Machozi yalinitoka, sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Sijui ilichukua muda gani. Asela ananiambia chai ya baba mkwe wake ilipoa. Nikapata mguu mmoja, nikapumzika hapo, nimeinama kama mgomba wenye mkungu. Halafu wa pili. Halafu mgongo, kidogo kidogo, mpaka nikamtazama Ishengoma usoni.

"Huo ndio ugonjwa," nikasema. "Unaitwa faibromayalgia. Nilikuficheni, hilo ni kosa langu, na ninaomba radhi. Si kwamba nilikudharau waitu. Mmeuona ugonjwa. Na nyote mmeona kwamba nimeinuka."

Ishengoma aliondoka kwenye kiti chake, akakisogeza mpaka nyuma ya magoti yangu.

"Kaa, mke wetu," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekasirika ili asilie, "Miezi yote hii! Mtu anaumwa, ananiacha mimi nachafua jina lake kwa watu! Ulitaka niende kuzimu?"

"Nilifikiria," nikasema.

Wazee wakacheka, naye akacheka.

Tukakubaliana hivi. Asela na Deo watasimamisha migomba ya bondeni na kupogoa, kazi zote za mikono juu. Maharage ya huko tunagawana. Kibanja ni changu mpaka nilale karibu na mume wangu. Na mimi namsalimia Ishengoma nimekaa, yeye ndiye anayekuja kiti kilipo. Asela mwanzoni alikuwa ananionea aibu. Sasa ananigombeza nikizidisha robo saa.

Kwa hiyo wewe unayeumwa kisichoonekana, tafuta jina lake kwa daktari, soma karatasi yako, usimeze kwa kukisia. Na waonyeshe watu wako. Usiwaambie tu. Waonyeshe, na uwaonyeshe mpaka mwisho, mpaka pale unapoinuka.

Aneti alilala kwangu siku ile. Alinuna mpaka asubuhi, maana ni mwanangu. Halafu akafunga safari ya kurudi Bukoba. Kwenye kiti cha nyuma cha gari, pale alipokuwa amepanga nikae mimi, nilimwekea mikungu miwili ya ndizi, nikaifunga na mkanda.